Mtoto Akisema: "Mwalimu Amenifokea"

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule, nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba yenye mtoto wa shule imepata kuliona. Mtoto hurudi likizo, au hukaa na wazazi wake chini ya mti siku ya kutembelewa, na akiisha kula chakula alicholetewa husema kwa sauti ndogo: "Mwalimu fulani alinifokea mbele ya darasa." Je, yule aliyeambiwa afanye nini? Naye mtoto aliyesema atarajie nini?

Naandika kwa watu wa namna mbili. Kwanza, wanafunzi walio shuleni sasa, maana hao ndio wenye kufokewa. Pili, sisi wanafunzi wa zamani, ambao wengi wetu sasa ni wazazi na wengine ni walimu. Basi huenda tukawa ndio wenye kuambiwa, au ndio wenye kufoka.

Katika nchi yetu hii ya Uganda nimesikia majibu mawili tu ya neno hilo la mtoto. Jibu la kwanza ni hili: "Bila shaka ulikosa. Nyamaza, usome." Jibu la pili ni la mzazi anayepanda bodaboda asubuhi yake mpaka shuleni, akaingia katika ofisi ya mwalimu mkuu bila kupiga hodi, akamfokea mwalimu kwa sababu mwalimu amefoka. Majibu haya mawili yaonekana kama adui wawili, lakini kwa kweli ni ndugu, maana lote moja na jingine halikusikiliza habari. La kwanza limemhukumu mtoto kabla hajamaliza kusema, na la pili limemhukumu mwalimu kabla hajaanza.

Maoni yangu ni kwamba malalamiko ya mtoto juu ya kufokewa hayana budi kupokewa kama kesi inavyopokewa katika baraza la wazee wenye akili: yasikilizwe yote, pande zote mbili, pole pole, na mwisho watu waambiwe neno gani limeamuliwa. Nasema hivyo si kwa kuwa kufokewa ni jambo kubwa kila mara. Mara nyingi ni dogo. Lakini mtoto hujifunza kwa jambo dogo kama sisi ni watu wa kuambiwa, au si watu wa kuambiwa. Aliyeletea mzazi wake neno dogo akafukuzwa nalo, hatamletea kubwa. Siku atakapoguswa mwili wake na mtu mzima, au atakapotishwa ili atoe fedha, au atakapoteswa bwenini usiku na wakubwa wake, atanyamaza kimya, kwa kuwa alikwisha kufundishwa kunyamaza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni hapo.

Sasa nataka kujibu hoja ya wazee wenzangu, maana naijua, nami huisikia kila mwaka tunapokutana wanafunzi wa zamani. Baada ya chakula, mmoja husimama, akataja jina la utani la mwalimu aliyekuwa mkali, watu wakacheka, kisha akasema: "Sisi tulifokewa, tukachapwa, na tazameni, leo tu watu." Kila mtu hupiga makofi.

Hoja hiyo ina kasoro. Wanaopiga makofi ni wale waliobaki. Wale walioacha shule kwa sababu ya hofu hawakualikwa katika karamu ile, au walialikwa wakakataa kuja. Tena, mwulize mmoja mmoja wa wale waliobaki: "Somo gani uliliacha, na kwa nini?" Utasikia mara kwa mara habari ya hesabu, au ya kemia, au ya lugha, na ndani ya habari hiyo yumo mtu aliyemwambia siku moja kwamba yeye ni mpumbavu. Mtu huyo mwenye nywele nyeupe bado ayakumbuka maneno yale neno kwa neno, hata siku yenyewe aikumbuka. Kuna methali isemayo kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Ni kweli, mfupa hauvunjiki. Lakini mtoto hajifunzi hesabu kwa mfupa.

Wengine husema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hii naikubali kabisa. Mtoto aonywe, arudiwe, na akilia na alie. Wengine tena husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Hiyo nayo naikubali, ila sijapata kuona mvuvi akimkunja samaki kwa kumpigia kelele. Humkunja kwa mkono, taratibu, asije akakatika.

Ili tusikoseane, yafaa tutenge maneno, na hapa Kiswahili kina utajiri mkubwa. Kuna kupaza sauti, kuna kuonya, kuna kukemea, kuna kukaripia, kuna kufoka, kuna kutahayarisha, kuna kutukana. Mtoto akija nyumbani husema neno moja tu, "alinifokea," na ndani ya neno hilo laweza kuwamo lolote katika hayo saba.

Mwalimu kupaza sauti si kosa. Sote tulisoma chini ya mabati, na twajua ya kuwa mvua ya Aprili ikianza kunyesha juu ya bati, mwalimu asiyepaza sauti anaongea na ubao. Wala si kosa mwalimu wa kemia kupiga ukelele akimwona mvulana anamimina maji juu ya asidi kali. Ukelele ule waweza kumponya macho. Kukemea kitendo pia ni kazi yake: "Umechelewa mara tatu wiki hii, na sitaki kuliona jambo hili tena." Maneno hayo ni makali, lakini yanasema juu ya kuchelewa, na mtoto ana njia ya kutoka, yaani aje mapema.

Kosa huanza pale sauti inapoacha kitendo na kumshika mtu mwenyewe. "Wewe ni mjinga." "Watu wa kabila lenu ndivyo mlivyo." "Baba yako hajalipa karo nawe unathubutu kuuliza swali." Kigugumizi chake, umbo lake, umaskini wa kwao, dini yake, mambo haya mtoto hawezi kuyaacha nje ya mlango kesho asubuhi. Hayo si makemeo tena. Ni matusi, hata kama yamesemwa kwa sauti ya chini. Maana tusi la polepole lipo pia, na pengine ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa mtoto hana la kumweleza mzazi: hakufokewa.

Nawaomba wazazi wamfikirie mwalimu pia. Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi bila karo, watoto waliojiandikisha waliongezeka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hata kupita milioni 5 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2007 mpango wa namna hiyo ukaingia katika shule za sekondari. Lilikuwa jambo la baraka, na wengi wanaosoma gazeti hili wasingalipata shule bila hilo. Lakini madarasa hayakujengwa kwa mbio zile zile ambazo watoto walikuja, wala walimu hawakuzaliwa upya. Mtu mmoja asimamaye mbele ya watoto 90 tangu asubuhi hata alasiri, koo limekauka, daftari 90 zamngojea jioni, huyo hana budi siku moja atafoka. Kujua sababu si kusema kwamba amefanya vema. Lakini mzazi anayeijua huingia shuleni kwa sura nyingine.

Na sasa nitasimulia jambo moja lililotokea katika ukoo wetu. Shule siitaji, wala mwalimu simtaji, maana ni mtu mwema.

Dada yangu ana binti, naye wakati ule alikuwa kidato cha kwanza. Katika somo la Kiswahili mwalimu alimwambia asimame asome kwa sauti. Sisi Waganda twajua shida yetu: katika lugha yetu r na l ni kama sauti moja, na mahali pa kutumia hii au ile huamuliwa na vokali iliyotangulia. Basi msichana akasoma "balua" mahali pa "barua," na "lafiki" mahali pa "rafiki." Darasa likacheka. Mwalimu akafoka: "Ninyi watu wa huku hamna ulimi! Kaa chini, unatupotezea wakati!" Msichana akakaa. Hakufungua kinywa tena katika somo lile mpaka shule zilipofungwa.

Nyumbani alimwambia mama yake. Baba yake aliposikia akasema, "Hukufa." Mama yake akataka kumhamisha shule. Kisha wakaniita mimi, mjomba wake.

Nilimwuliza mtoto mambo matatu tu. La kwanza: "Mwalimu alisema maneno gani hasa?" Nikayaandika kama alivyoyasema. La pili: "Kabla ya hapo kulikuwa kukitokea nini?" La tatu: "Wewe mwenyewe wataka nini kifanyike?" Swali hilo la tatu lilimshangaza. Akafikiri, akasema, "Mjomba, sitaki aadhibiwe. Nataka asinisomeshe mbele ya watu mpaka nijue." Tazameni, sisi wakubwa tulikuwa tukibishana juu ya kuhama shule, na haja ya mtoto ilikuwa ndogo na yenye akili kuliko zetu zote.

Shule zilipofunguliwa, mimi na mama yake tulimwendea mwalimu mwenyewe, si mwalimu mkuu. Tulimngoja atoke darasani, maana mwalimu asiulizwe habari hizo mbele ya wanafunzi wake, kama vile mtoto asivyotukanwa mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto wetu amerudi nyumbani na huzuni juu ya somo lako. Tumesikia upande wake. Tumekuja tusikie na kwako."

Akasema, "Mzee, darasa lile lina watoto 94. Siku ile nakumbuka kelele. Niliwafokea waliocheka."

Nikamsomea maneno niliyoyaandika. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Maneno hayo ni yangu." Hakuyakana. Alikuwa amekusudia kuwanyamazisha waliocheka, lakini aliyesimama alikuwa mmoja, na maneno yote yakamwangukia yeye. Mtu akifoka mbele ya watu wengi hana uwezo wa kuchagua nani atapigwa na maneno yake.

Tulipatana hivi: kwa majuma machache darasa lisome kwa vikundi, wote pamoja, kisha wawili wawili, ndipo mmoja mmoja. Naye aliongeza jambo lake mwenyewe lililonipendeza: aliwafundisha darasa zima mahali pa kuweka ulimi katika r na katika l, akawapa maneno ya kujizoeza, bila kumtaja mtu. Kabla muhula haujaisha msichana alisoma peke yake. Ila mwalimu hakumwomba radhi mbele ya darasa, na mama yake hakuridhika na hilo hata leo. Nami nadhani dada yangu ana haki. Tusi lililotolewa hadharani dawa yake ni neno jema la hadharani, hata liwe fupi. Mwalimu asemaye, "Juzi nilisema neno lisilofaa, nalirudisha," hapotezi heshima. Watoto humheshimu mara mbili.

Nimechagua mfano wa somo la Kiswahili kwa kusudi. Lugha hii katika Uganda imechukua mzigo mzito wa makelele. Ilikuwa lugha ya amri katika jeshi la King's African Rifles na katika polisi wakati wa Waingereza. Baadaye, katika utawala wa Idi Amin tangu mwaka 1971 hata 1979, ingawa mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa, watu wengi waliisikia kinywani mwa askari mwenye bunduki, barabarani, usiku. Babu na bibi zetu wengi neno la kwanza la Kiswahili walilolijua lilikuwa neno la kufokewa. Ndiyo maana hata leo wako wazee wanaoiogopa lugha hii bila kujua kwa nini. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vema sana. Lakini tukiwafundisha wajukuu kwa sauti ile ile iliyowatisha babu zao, tutapata watoto waliofaulu mtihani wa Kiswahili wasiotaka kukisema.

Sasa niseme kwa utaratibu, kwa wazazi na walezi, njia ninayoiona kuwa njema.

Kwanza, msikilize mtoto mpaka amalize, wala usianze na swali, "Ulifanya nini wewe?" Swali hilo lina haki yake, lakini likitangulia hufunga mlango. Uliza maneno yaliyosemwa, siku, somo, na waliokuwapo. Yaandike. Jambo lililoandikwa siku ile halikui wala halipungui kama linavyokua la mdomo.

Pili, mwulize anataka nini. Usimwahidi kwamba mwalimu atafukuzwa, wala usimwahidi kuwa utaficha kila atakalosema. Mwahidi utakaloweza tu.

Tatu, mwendee mwalimu mwenyewe, faraghani, kwa adabu. Ukiwa mbali, mwandikie barua au mpigie simu kwa saa ifaayo. Usilipeleke jambo hilo katika kundi la wazazi la simu, ambako watu 60 watatoa hukumu kabla mwalimu hajala chakula chake cha mchana.

Nne, asipokusikia, au akirudia, nenda kwa mwalimu wa darasa, au kwa mwalimu wa kike au wa kiume aliyechaguliwa kuwa mlezi wa wanafunzi. Kisha mwalimu mkuu. Kisha halmashauri ya shule. Kila mlango una mwenyewe, nao wapaswa kubishwa kwa zamu.

Tano, hakikisha kwamba mtoto halipi kwa sababu alisema. Hili ndilo linalowafunga watoto wengi vinywa: hofu ya kwamba mwalimu atasema darasani, "Wewe uliyekwenda kunishtaki." Mwulize tena baada ya majuma mawili. Na yule aliyeamua jambo amwambie mtoto limeamuliwaje. Mtoto aliyesema asiambiwe lolote huona kama hakusikilizwa.

Lakini yako mambo ambayo hayangoji utaratibu huo. Kama mtoto amepigwa, au ameguswa kwa aibu, au ametishwa kwamba atadhuriwa, usiende kwa mtendaji kumwuliza upande wake. Nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu na kwa polisi, au piga simu ya bure namba 116, iitwayo Sauti, ambayo serikali imeiweka kwa ajili ya watoto. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Na mtu asidhani kwamba haya ni mapenzi yangu tu. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 24, yakataza mtu yeyote kutendewa kwa ukatili au kwa kudhalilishwa, wala haikusema "isipokuwa mwanafunzi." Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto ya mwaka 1989, ambayo Uganda iliyakubali mwaka 1990, yasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na katika ibara ya 28 kwamba nidhamu ya shule ipatane na utu wake. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwongozo wa namna ya kupokea na kufuatilia habari za ukatili juu ya watoto shuleni. Mwaka 2016 sheria ya watoto ilirekebishwa, viboko vikakatazwa shuleni. Nashukuru kwa hilo. Ila nahofu ya kwamba wako waliotua fimbo chini wakaichukua tena kwa ulimi, na ulimi hauna mfupa.

Wako watakaosema, "Tukiondoa fimbo, tukiondoa na makelele, darasa litaongozwaje?" Nawajibu kwa jambo lililopimwa hapa hapa kwetu. Katika wilaya ya Luwero shule 42 za msingi ziligawanywa. Nusu zilifuata mpango wa mwaka mmoja na nusu wa kubadili desturi za shule, ambao walimu, wanafunzi na wazazi waliufanya pamoja, kwa kuweka kanuni pamoja na kuzungumza juu ya nidhamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zisizofuata mpango, karibu wanafunzi 49 katika kila 100 walisema walipigwa au kuumizwa na watu wazima wa shule katika juma lililopita. Katika zile zilizoufuata walikuwa 31. Si sifuri, lakini ni tofauti kubwa, nayo yahusu kupigwa hasa. Kama mkono uliozoea fimbo tangu zamani waweza kujifunza, ulimi nao waweza.

Mwisho nina neno kwa wanafunzi. Ninyi mna wajibu wenu. Mkishtaki, semeni kweli, na semeni yote, pamoja na lile mlilolifanya kabla. Mwanafunzi aliyetupa karatasi mgongoni mwa mwalimu, akaja nyumbani akasema tu, "Nilifokewa bila sababu," amejidhuru mwenyewe, na amemdhuru mwenzake atakayekuja kesho na malalamiko ya kweli asiaminiwe. Mwalimu akikukemea kwa haki, pokea. Akikutukana, usimjibu tusi. Heshima si utumwa, lakini matusi nayo si uhuru. Ngoja somo liishe, mwendee na rafiki mmoja, umwambie: "Mwalimu, nimekosa kuchelewa. Lakini neno lile juu ya wazazi wangu limeniumiza." Najua yahitaji moyo. Ukiona huwezi, mwambie kiranja unayemwamini, au mwalimu mlezi, au aandike mzazi wako. Na ukimwona mwenzako ametukanwa, usicheke. Katika kisa cha binti wa dada yangu, vicheko ndivyo vilivyoanza.

Kwa wenzangu mlio walimu, naleta shauri moja dogo. Mwanzo wa muhula waambieni wanafunzi wenu wazi: "Nikisema neno linalokuumiza, njoo uniambie, saa hii, mahali hapa, na hutapata shida." Kisha akija wa kwanza, mpokeeni vema, maana wengine 90 watakuwa wanatazama jinsi atakavyorudi.

Hayo ndiyo maoni yangu. Kama yuko msomaji, mwanafunzi au mzee, anayeona vingine, nitafurahi kumsoma katika toleo lijalo.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Zamani